Amplifaya za Hedifoni za USB za Bei Nafuu: Tofauti Zinazosikika Kweli

Amplifaya ya hedifoni ya USB hufanya kazi mbili ndani ya kasha moja. Kwanza hugeuza namba zinazotoka kwenye simu au kompyuta ziwe mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata umbo la sauti; kisha huukuza mkondo huo hadi uweze kusukuma viwambo vya hedifoni. Simu na kompyuta zimekuwa na saketi ya namna hiyo ndani yake kwa miaka mingi, na wasikilizaji wengi hawakuwa na sababu ya kuifikiria hadi tundu la hedifoni lilipoanza kuondolewa kwenye simu. Apple walilitoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na watengenezaji wengine wengi wakafuata. Leo, katika maduka ya Arusha, kuanzia yale yanayozunguka Soko Kuu hadi yaliyo kandokando ya Barabara ya Sokoine, adapta na amplifaya hizi zinauzwa kwa bei zinazopishana sana, na kila kasha linadai kuwa sauti yake ndiyo safi kuliko nyingine zote.

Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri nyimbo za kwaya za Arusha na Moshi, kwa hiyo madai hayo yananigusa moja kwa moja. Mhariri anayesikia besi isiyokuwepo ataipunguza, na kwaya itasikika nyembamba kwa kila mtu mwingine. Ndiyo maana nilikusanya vifaa vitano vya bei nafuu, vingine vya kwangu na vingine vya kuazima kwa marafiki, nikavilinganisha kwa utaratibu mmoja. Nilichokipata nakisema mapema ili msomaji akipime anapoendelea kusoma: vifaa viwili vilivyoundwa kwa uangalifu, vikisawazishwa ukubwa wa sauti na kuunganishwa na hedifoni zinazovifaa, hukaribiana kiasi kwamba sikio langu halivitofautishi, hata kama bei zake zinapishana mara nane. Tofauti zinazosikika hutoka kwingine, yaani kwenye nguvu ya kusukuma hedifoni, kwenye ukinzani wa tundu la kutolea sauti, na kwenye kelele inayopenya kutoka kwenye kompyuta na umeme wa nyumba.

Utaratibu wa kulinganisha unastahili maelezo, kwa sababu hapo ndipo tathmini nyingi hupotea njia. Sikio la binadamu hupenda sauti iliyo kubwa zaidi hata kama tofauti ni ndogo mno kutambulika kama ukubwa. Msikilizaji huiita ile kubwa kuwa ina uwazi zaidi, au besi yenye mwili zaidi. Sababu mojawapo inafahamika tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson walipochapisha michoro yao inayoonyesha kuwa sauti nzito hufifia masikioni haraka kuliko sauti za kati pale ukubwa unapopunguzwa. Kwa hiyo muuzaji anayebadilisha kifaa kimoja na kingine bila kusawazisha ukubwa hajalinganisha chochote isipokuwa ukubwa wenyewe. Mimi nilicheza mlio mmoja wa hezi 400, nikapima volti kwenye pini huku hedifoni zikiwa zimeunganishwa, na kurekebisha hadi vifaa vyote vipishane kwa chini ya asilimia 1, ambayo ni chini ya desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Nilichagua hezi 400 kwa sababu multimita za kawaida za mafundi hupoteza usahihi masafa yanapopanda sana. Baada ya hapo mdogo wangu alibadilisha vifaa nyuma ya mgongo wangu bila kuniambia kipi kipo, nami nikaandika ninachosikia kabla ya kuuliza.

Usikilizaji wote ulifanyika usiku nyumbani Sakina, malori ya kwenda Namanga yakiwa yamepungua barabarani, kwa kuwa mchana kelele ya nje hufunika mambo madogo yanayotafutwa. Muziki niliotumia ni ule ninaoujua vizuri: rekodi zangu za kwaya, ambazo najua ukumbi wenyewe ulisikikaje, muziki wa dansi wa miaka ya 1970 uliorekodiwa katika studio za Redio Tanzania, Dar es Salaam, wenye magitaa mawili au matatu yanayosukana, taarabu yenye kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na fidla, na hip hop ya hapa Arusha, ambayo besi yake hushuka chini sana. Hedifoni zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ni Sony MDR-7506, yenye impidansi, yaani ukinzani dhidi ya mkondo wa sauti, wa omu 63, ambayo studio nyingi ndogo zinaitumia. Ya pili ni Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250, ambayo ni ngumu kusukuma. Ya tatu ni iafoni za kuingiza ndani ya sikio zenye viendeshi kadhaa, yaani vipaza sauti vidogo zaidi ya kimoja kwa kila sikio, ambazo ni nyepesi kusukuma lakini zina tabia nyingine nitakayoieleza.

Nianze na kifaa cha bei ya chini kuliko vyote, kile kijiti cha plastiki cha USB chenye matundu mawili, moja la hedifoni na moja la maikrofoni, ambacho kasha lake huandikwa kwa fahari kuwa kina sauti ya chaneli 7.1. Tundu la hedifoni lina chaneli mbili tu, kushoto na kulia, na hakuna programu inayoweza kuongeza waya usiokuwepo. Kinachofanyika ni kuchanganya mwangwi wa kutengenezwa ili msikilizaji adhani yuko ukumbini. Niliuzima mchanganyiko huo kwanza. Kijiti nilichokijaribu hakikuwa na jina lolote la mtengenezaji, na kwenye iafoni kilikuwa na mlio wa “shii” usiokoma, uliosikika hata muziki ulipokuwa umesimamishwa. Nilipokuwa nikisogeza kipanya, au kompyuta ilipokuwa ikinakili mafaili, mlio huo ulibadilika na kuwa mikwaruzo midogo inayofuata kazi ya kompyuta. Kwenye rekodi ya kwaya, mahali ambapo waimbaji wanavuta pumzi kabla ya ubeti, kelele hiyo ilikaa juu ya pumzi zao. Kwa mikutano ya mtandaoni kinatosha, na tundu lake la maikrofoni ni msaada wa kweli kwa kompyuta ambayo tundu lake limekufa. Kwa kusikiliza muziki kwa makini sikipendekezi.

Adapta ya Apple ya USB-C kwenda tundu la milimita 3.5 ni kisa tofauti kabisa. Inauzwa Marekani kwa dola 9, ni waya mfupi mweupe usio na kitufe wala taa, na mtu asiyeijua hawezi kuamini kuwa ndani ya pini yake ndogo kuna kigeuzi na amplifaya. Kwenye kompyuta, ikiwa na hedifoni za Sony, ukimya wake ulikuwa kamili: muziki ukisimama, hakuna kinachobaki. Magitaa ya muziki wa dansi yalikaa kila moja mahali pake, solo upande mmoja na ridhimu upande mwingine, na sauti za juu za fidla hazikuchoma. Nilipobadilishiwa kutoka adapta hii kwenda kwenye amplifaya ya mezani iliyo ghali kuliko zote katika kundi hili, nilikosea kuitambua mara nyingi kama nilivyopatia, na mdogo wangu alipochukua zamu ya kusikiliza hali ilikuwa ileile. Kwa kifaa cha bei hiyo, hilo ni jambo la kustaajabisha, na nalisema bila kusita.

Hata hivyo adapta hiyo ina mipaka miwili ambayo mnunuzi wa hapa lazima aijue. Mpaka wa kwanza ni nguvu. Toleo linalouzwa Marekani, modeli A2049, hutoa hadi volti 1. Toleo la Ulaya, modeli A2155, limewekewa kikomo cha takriban volti 0.5. Namba ya modeli imechapwa kwa herufi ndogo mno kwenye kifaa chenyewe, na inafaa kuitafuta hata kwa kuazima miwani, kwa sababu katika mji wa watalii kama Arusha matoleo yote mawili huingia kupitia wageni na ndugu wanaotoka nje. Tofauti yao ni desibeli 6. Beyerdynamic wanaeleza kuwa DT 770 Pro hutoa desibeli 96 inapopewa miliwati 1. Kwa hedifoni ya omu 250, volti 0.5 ni miliwati 1 kamili, kwa hiyo toleo la Ulaya litafika desibeli 96 kwenye vilele vya juu kabisa vya muziki na halitazidi. Volti 1 ni miliwati 4, yaani desibeli 102. Wimbo wa kisasa uliobanwa sana, yaani uliopunguzwa tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, hutosheka na hapo. Kwaya iliyorekodiwa bila kubanwa, ambayo vilele vyake viko desibeli 15 au 20 juu ya wastani, itasikika ndogo, na mhariri ataanza kufinya macho ili asikie maneno. Kwa Sony tatizo hilo halipo, toleo lolote litakalotumika.

Mpaka wa pili unahusu simu za Android. Adapta hii ina kidhibiti chake cha ndani cha ukubwa wa sauti, na simu nyingi za Android hazikipandishi hadi mwisho, kwa hiyo hata mtumiaji akibonyeza kitufe cha simu hadi juu kabisa, adapta inabaki ikitoa sehemu tu ya uwezo wake. Watu wengi hapa mjini wameihukumu kuwa ni dhaifu kwa sababu hiyo, ilhali kwenye kompyuta, na kwenye iPhone zenye USB-C kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023, inafanya kazi kwa ukamilifu. Zipo programu za kuchezea muziki za Android zinazoongea na kifaa cha USB moja kwa moja na kukifungua, lakini hazisaidii video wala programu nyingine zilizomo kwenye simu.

Mwenye simu ya Android ndiye aliyenifanya niingize kundini adapta ya tatu, moja kati ya zile zinazojengwa juu ya chipu ya CX31993 na kuuzwa kwa majina mengi, nyingine bila jina lolote. Niliinunua katika duka dogo karibu na Stendi Ndogo. Muuzaji alinihakikishia akisema, “Dada, hii inasoma biti 32 na kilohezi 384, hutapata nyingine kama hii Arusha nzima.” Sauti yake ilikuwa safi, yenye nguvu kidogo kuliko adapta ya Apple, na kwenye Android ilipanda hadi mwisho bila shida. Baada ya kusawazisha ukubwa, Sony hazikunionyesha tofauti yoyote ya kudumu kati ya hizo mbili. Kwenye iafoni nilisikia “shii” hafifu sana wakati wa ukimya, chini kabisa ya ile ya kijiti cha plastiki, na ilitoweka muziki ulipoanza. Waya wake mfupi ulinitia wasiwasi kuliko sauti yake, kwani umeungwa kwenye pini bila kinga ya kutosha, na kifaa kinachobebwa mfukoni hufia hapo.

Kuhusu biti 32 na kilohezi 384, inafaa kusema wazi kuwa namba hizo hazielezi ubora wa sauti kwa msikilizaji. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 za umbali kati ya sauti kubwa kuliko zote na kelele ya chini, kwa hiyo biti 16 za CD tayari zinatoa kama desibeli 96, ambazo ni nyingi kuliko rekodi yoyote ya kwaya niliyowahi kuifanya katika ukumbi wenye milango, madirisha na watoto. Biti 24 zingetoa desibeli 144, na hakuna amplifaya ya hedifoni inayofikia hapo, maana kelele ya saketi yenyewe huwa imeshazidi. Kilohezi 48 zinatosha kubeba sauti hadi karibu kilohezi 24, ilhali sikio changa lenye afya huishia karibu na kilohezi 20 na hupungua kadiri miaka inavyosonga. Tena nyimbo nyingi tunazozisikiliza kwa simu mafaili yake yamepunguzwa ukubwa, na sehemu ya sauti kutupwa, kabla ya kutufikia. Namba kubwa kwenye kasha zinaonyesha chipu inaweza kupokea nini. Hazisemi chochote kuhusu amplifaya iliyo nyuma yake, wala ukinzani wa tundu.

Na ukinzani wa tundu ndio jambo ambalo napenda kulikalia zaidi, kwa sababu ndilo lililonionyesha tofauti kubwa kuliko zote, na halitajwi dukani hata mara moja. Kifaa kilichonifundisha ni Behringer UCA202, kasha dogo la rangi ya fedha ambalo wanamuziki wengi wanalo. Kina chipu ya PCM2902, biti 16 na kilohezi 48, na kwa namba hizo mtu wa biti 32 atakidharau. Kazi yake kuu ni kuingiza na kutoa sauti kwa nyaya za RCA. Tundu la hedifoni lililo pembeni, lenye gurudumu dogo la kuongeza sauti, lina impidansi ya takriban omu 50. Kanuni inayotumika na wahandisi wengi, iliyoenezwa sana na mhandisi aliyeandika kwa jina la NwAvGuy na kuchapisha mchoro wa amplifaya yake ya O2 mwaka 2011, ni kwamba impidansi ya tundu isizidi sehemu moja ya nane ya impidansi ya hedifoni. Kwa omu 50, hiyo inadai hedifoni za omu 400 au zaidi.

Sababu ya kanuni hiyo ni rahisi kuikokotoa. Impidansi ya tundu na ya hedifoni hugawana volti zinazotoka kwenye amplifaya, na hedifoni hupata sehemu inayolingana na ukinzani wake. Sony za omu 63 hupoteza kama desibeli 5 kwenye tundu la omu 50, lakini kwa kuwa impidansi yake haibadiliki sana kutoka besi hadi sauti za juu, upotevu ni uleule kila mahali, na ukiongeza ukubwa kidogo sauti inarudi ilivyokuwa. Hivyo ndivyo nilivyosikia: Sony kwenye UCA202, baada ya kusawazisha, zilikuwa Sony zilezile. DT 770 ya omu 250 hupoteza desibeli 1.6 tu. Iafoni zenye viendeshi kadhaa ni hadithi nyingine. Nyingi kati ya hizo zina impidansi inayoyumba sana kulingana na masafa, kwa sababu viendeshi hugawana kazi kupitia saketi ndogo ya kuchuja. Tuchukue mfano wa iafoni yenye omu 32 kwenye besi na omu 8 kwenye sauti za juu. Kwenye tundu la omu 50, besi inapoteza desibeli 8 na sauti za juu zinapoteza desibeli 17, yaani mizani ya sauti imepinda kwa desibeli 9. Kwenye tundu la omu 1, iafoni hiyohiyo inapinda kwa chini ya desibeli 1.

Desibeli 9 hazihitaji sikio la mhariri. Kwenye iafoni zangu kwaya iligeuka: sauti ya pili na ya nne zilisogea mbele, herufi za “s” na “sh” zikazama, na kanuni kwenye taarabu ikasikika kama imefunikwa kitambaa. Mdogo wangu, ambaye hana mazoea ya kusikiliza kwa uchambuzi, alitambua kifaa hicho kila alipowekewa. Ndipo inapoonekana kwa nini watu wawili wanaweza kubishana kwa dhati kuhusu kifaa kimoja, mmoja akisema ni kizuri na mwingine akisema kinafunika sauti, na wote wawili wakawa wanasema kweli kuhusu hedifoni zao. Tathmini isiyotaja hedifoni zilizotumika haina maana kubwa kwa msomaji.

Sitaki mtu aitupe UCA202 kwa maneno hayo, kwa kuwa ina kitu ambacho vingine vyote katika kundi hili havina: inapokea sauti ya stereo kutoka kwenye deki ya kaseti. Familia nyingi Arusha na Moshi zina masanduku ya kaseti za kwaya za miaka ya 1980 na 1990, na biti 16 zake zinazidi mbali uwezo wa kaseti yoyote. Kwa kazi hiyo ninaipendekeza kwa moyo wote, na hedifoni za kufuatilia ziwe za omu 250 au zile zenye impidansi isiyoyumba.

Cha tano ni FiiO E10K, amplifaya ya mezani ambayo bei yake nje ya nchi imekuwa takriban dola 75, na ambayo kwa hapa huongezeka usafiri na ushuru, au nauli ya basi kama umeiagiza kwa mtu wa Kariakoo. Ina chipu ya PCM5102, inapokea hadi biti 24 na kilohezi 96, impidansi ya tundu lake iko karibu na omu 1, na mtengenezaji anaeleza kuwa inatoa miliwati 200 kwenye omu 32. Hesabu ya miliwati hizo inatupa karibu volti 2.5, na volti 2.5 kwenye DT 770 ya omu 250 ni miliwati 25, yaani desibeli 110. Hapa ndipo fedha zilipoenda, na hapa ndipo zinaposikika. Kwaya isiyobanwa ilipata nafasi ya kupanda hadi kilele bila sauti kupasuka, na kinanda kilichoingia nyuma ya waimbaji kilibaki na uzito wake. Kwa DT 770, E10K ilishinda vifaa vyote vingine kwa umbali usiohitaji mjadala. Kwa Sony na kwa iafoni, ushindi huo ulitoweka, na adapta ya dola 9 ikawa sawa nayo masikioni mwangu.

E10K ina kitufe cha kuzungusha cha sauti, na mtu anayehariri saa nyingi atathamini kuwa na kitu cha kushika badala ya kutafuta alama ndogo kwenye skrini. Vitufe vya aina hii, kwa maumbile yake, huwa havilingani kikamilifu kushoto na kulia vikiwa karibu na sifuri, kwa hiyo ni vema kutumia swichi ya nguvu ndogo kwa iafoni ili kitufe kikae katikati. Ina pia swichi ya kuongeza besi. Kwenye rekodi za dansi za miaka ya 1970, ambazo besi yake mara nyingi ni nyembamba, niliiwasha kwa raha na nikaiacha. Wakati wa kuhariri lazima izimwe, kwa sababu iliyo wazi.

Jambo la umeme nalo haliwezi kuachwa katika mji huu. Hedifoni peke yake, zikiwa hazijaunganishwa na kitu kingine, hazifanyi mzunguko wa ardhi, yaani njia mbili za umeme kufika ardhini zinazozalisha mvumo. Lakini amplifaya hizi hutumiwa pia kanisani na kwenye sherehe kupeleka muziki wa kompyuta kwenye mikisa, na hapo mvumo wa hezi 50 na vizidisho vyake hujitokeza mara tu chaja ya kompyuta inapochomekwa, kwa kuwa kompyuta na mikisa zimepata njia mbili za kufika ardhini. Watu hulaumu amplifaya. Chomoa chaja, na mvumo ukikoma, basi amplifaya haina kosa. Dawa ni kuchomeka kompyuta na mikisa kwenye soketi moja yenye waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, na ikishindikana, kuweka kati yake boksi la DI lenye transfoma, ambalo hupitisha sauti bila kuunganisha ardhi za vifaa viwili. Kubadilisha kigeuzi kwa kingine cha bei kubwa hakutaondoa mvumo huo.

Mwenye hedifoni za omu 80 kushuka chini, au iafoni, na anatumia kompyuta au iPhone ya karibuni, ninamshauri anunue adapta ya Apple na fedha inayobaki aiweke kwenye hedifoni, kwa sababu tofauti kati ya hedifoni mbili ni kubwa kuliko tofauti zote nilizozieleza hapa zikijumlishwa, ukiacha ile ya omu 50. Mwenye Android achukue adapta ya CX31993, achague ile yenye waya ulioimarishwa kwenye pini. Mwenye hedifoni za omu 250 na zaidi ndiye mwenye sababu ya kweli ya kununua E10K au kifaa cha nguvu inayolingana nayo. Mwenye nguvu zote hizo mkononi akumbuke pia kuwa Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wasizidishe saa 40 kwa wiki kwenye wastani wa desibeli 80, na kwamba kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza muda huo kwa nusu.

Kwa anayekwenda dukani, kuna uchunguzi mmoja wa kufanya kabla ya kulipa. Adapta nyingi za USB-C zinazouzwa kwa bei ya chini kabisa hazina chipu yoyote ndani; ni nyaya tupu zinazotegemea simu itoe sauti ya analojia kupitia tundu la USB-C, na simu nyingi haziitoi. Adapta hizo hufanana kwa macho na zile zenye chipu, zikiwa pamoja na nakala za adapta ya Apple. Beba kompyuta yenye tundu la USB-C, au omba ya muuzaji, uchomeke adapta na uangalie orodha ya vifaa vya sauti: yenye chipu itajitokeza hapo kama kifaa kipya ndani ya sekunde chache, na isiyo na chipu haitaonekana kabisa. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakataa. Kisha dai risiti ya EFD iliyoandikwa modeli ya kifaa, kwa kuwa risiti inayosema “adapta” peke yake haitakusaidia utakaporudi kuomba kubadilishiwa.